Wiki moja, hifadhi nne: gari la peke yenu lina hoja, ratiba ndiyo yenye kasoro

Ukiulizia safari ya kutazama wanyama kutoka Arusha, kampuni nyingi zitakupa ratiba isiyotofautiana sana na ya jirani zao: siku saba, gari la peke yenu na dereva wenu, mkianzia Tarangire, mkipita Ziwa Manyara, mkaingia Serengeti na kumalizia ndani ya Kreta ya Ngorongoro. Ratiba hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya mgeni wa Ulaya au Marekani ambaye huenda asirudi tena Tanzania maishani mwake, na kwa huyo haraka ya kuona kila kitu inaeleweka. Siku hizi, hata hivyo, inanunuliwa pia na familia za Dar es Salaam na Nairobi, na wafanyakazi wanaochangishana ofisini, na Watanzania waishio ughaibuni wanaorudi Desemba na watoto ambao tembo wamemwona kwenye simu tu. Wanaoipinga husema ni anasa inayochoma fedha na kuongeza msururu wa magari hifadhini. Wanaoitetea husema ndiyo njia pekee ya kusafiri bila kuburuzwa na ratiba ya watu wengine.

Mabishano hayo, kwa maoni yangu, huchanganya maswali mawili ambayo hayana budi kutenganishwa. Swali la kwanza ni kama kuna sababu ya kukodi gari la peke yenu badala ya kujiunga na kundi. La pili ni kama kuna sababu ya kuzunguka hifadhi nne ndani ya wiki moja. Mtu anaweza kukubali la kwanza na kulikataa la pili, na huko ndiko ninakoegemea.

Tuanze na gari. Gharama za safari zina sehemu mbili zenye tabia tofauti. Ada za kuingia na kulala hifadhini hutozwa kwa kichwa, kwa hiyo mkiwa wawili au mkiwa sita, kila mmoja atalipa ileile. Gari, mafuta na malipo ya dereva hayaangalii idadi ya abiria: Land Cruiser yenye paa la kufunguka huchukua watu sita au saba, na mafuta ya kwenda Seronera, katikati ya Serengeti, na kurudi ni karibu yaleyale hata kama nyuma ameketi mtu mmoja. Familia ya watu sita, basi, haipati nafuu ya maana kwa kujiunga na watu isiowajua, kwani yenyewe tayari ni kundi. Anayeumia ni mtu mmoja au wawili wanaotaka kiti kila upande wa gari.

Hapo uraia nao unabadilisha hesabu. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, mtu mzima kutoka nje ya Afrika Mashariki hulipa dola 70 kwa siku kuingia Serengeti katika msimu wa wageni wengi, wakati raia wa Afrika Mashariki hulipa Sh10,000, na wote huongezewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kwa mgeni wa nje, ada ni mzigo mkubwa kiasi kwamba kulipia gari la peke yake hakuongezi sana maumivu. Kwa Mtanzania mambo ni kinyume: ada ni ndogo, na gari ndilo linalokula bajeti. Mume na mke wa Mbagala wakikodi gari zima kwa siku saba, karibu gharama yao yote ya ziada ni bei ya faragha. Kwao ningeshauri kundi bila kusita, au watafute wanandoa wengine wawili wanaowafahamu.

Faragha yenyewe lakini si anasa tupu. Ndani ya hifadhi za taifa hairuhusiwi kushuka garini ila sehemu maalumu, na umbali kati ya choo kimoja na kingine unaweza kuwa mwendo wa saa nzima au zaidi. Mwenye mtoto wa miaka minne, au mzee mwenye kisukari ambaye lazima ale kwa wakati, anajua ugumu wa kuwaomba abiria watano wasiomjua waache chui mtini ili gari lirudi kwenye kituo cha mapumziko. Anayefuatisha vipindi vya swala naye hupanga vituo vyake bila kumwomba mtu radhi. Na liko jambo ambalo wauzaji wa safari hawalitaji, nalo ni lugha. Katika kundi la mchanganyiko dereva huzungumza Kiingereza au Kifaransa kutwa, na Mtanzania aliyemo hupata muhtasari. Dereva huyohuyo akiwa na familia ya Waswahili atawaeleza watoto kwa nini nyumbu na pundamilia huchunga pamoja bila kugombania jani, kwamba pundamilia hula sehemu ndefu na ngumu za nyasi na kumwachia nyumbu zile fupi za chini, na watoto watamuuliza maswali mpaka achoke. Hapo dereva anakuwa mwalimu, na wiki nzima ya mwalimu wa namna hiyo ni thamani kubwa.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni idadi ya magari. Watalii kumi na wawili wakiwa wawiliwawili ni magari sita kuzunguka simba mmoja. Wakijazwa sawasawa ni magari mawili. Watalii wa kimataifa walioingia Tanzania walizidi milioni 2.1 mwaka 2024, kutoka takriban milioni 1.8 mwaka 2023, na sehemu kubwa ya wanaokuja kwa ajili ya wanyama hukimbilia ukanda huuhuu wa kaskazini. Julai 2025 zilisambaa picha za watalii walioshuka kwenye magari kando ya Mto Mara, eneo la Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, wakawazibia nyumbu njia ya kuvuka, na Shirika la Hifadhi za Taifa, yaani TANAPA, likalazimika kutoa maelezo hadharani. Aliyeagiza gari la peke yake hawezi kusema hahusiki kabisa na msongamano wa aina hiyo. Wanaomtetea hujibu kwamba mteja wa gari binafsi hutumia fedha nyingi zaidi kwa kichwa, na kwamba fedha hizo hufika kwa dereva, kwa mpishi wa Karatu na kwa mama anayeuza ndizi Mto wa Mbu. Jibu hilo lina ukweli iwapo safari imenunuliwa kwa kampuni ya hapa. Ikinunuliwa kwa wakala wa ng'ambo, sehemu ya malipo hubaki hukohuko, na hoja inapungua uzito.

Sasa tuje kwenye hifadhi nne, ambako ndiko fedha na muda hupotea kimyakimya. Kutoka Arusha hadi lango la Tarangire ni saa mbili au zaidi kidogo, hilo si tatizo. Tatizo huanza baada ya Karatu. Lami inaishia lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, na kutoka hapo hadi Seronera ni takriban kilomita 145 za vumbi na mitetemo, huku mkipita kwanza ndani ya Ngorongoro, ambayo si hifadhi ya taifa bali eneo la uhifadhi lenye mamlaka yake na vibali vyake. Hata anayepita tu hulipa. Kisha mnafika lango la Naabi na kuanza utaratibu mwingine wa Serengeti.

Naabi saa sita mchana inaeleza tatizo hili vizuri kuliko kipeperushi chochote. Dereva amesimama kwenye foleni ya ofisi na makaratasi mkononi, akisubiri malipo yaliyofanywa kwa namba ya malipo ya serikali yasome kwenye kompyuta. Fedha taslimu hazipokelewi. Abiria wamekaa kwenye meza za mawe wakila kuku na yai kutoka kwenye chakula cha boksi, huku kwezi wa rangi ya samawati wakirukia makombo. Wachache wanapanda njia ya mawe kutazama tambarare kutoka juu. Hakuna aliyekosea, na mandhari ni mazuri kweli, ila saa moja na zaidi ya siku iliyolipiwa inaishia hapo.

Na siku yenyewe huhesabiwa kwa saa 24 tangu kibali kilipogongwa. Mkiingia Naabi saa nane mchana Jumatatu na kulala usiku mbili, mnatakiwa muwe mmetoka kufikia saa nane mchana Jumatano, la sivyo mnalipa siku nyingine. Ndiyo sababu asubuhi ya mwisho, wakati jua halijawa kali na duma bado anawinda, utamwona dereva akitazama saa kila mara. Mwendo ndani ya hifadhi haupaswi kuzidi kilomita 50 kwa saa, kwa hiyo hana pa kufidia muda. Kila hifadhi inayoongezwa kwenye ratiba huleta foleni yake na saa yake ya kukimbizana nayo. Kuna kejeli kidogo hapo: mtu amelipia gari lake mwenyewe ili asiburuzwe na watu, kisha anaburuzwa na mhuri.

Watetezi wa hifadhi nyingi wana jibu linalostahili kusikilizwa, kwamba maeneo haya hayafanani. Tarangire ina mibuyu na makundi ya tembo. Manyara ina msitu unaonyweshwa na chemchemi za chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Serengeti, yenye kilomita za mraba 14,763, ina uwanda usio na mwisho machoni. Kreta ina faru weusi ndani ya duara la takriban kilomita za mraba 260, lakini twiga hamna, na atakayeridhika na kreta peke yake atarudi nyumbani bila kumwona mnyama huyo wa taifa. Hoja hii ni ya kweli. Udhaifu wake ni kuchukulia kwamba tofauti hizo zipo kwa kiwango kilekile mwaka mzima.

Hazipo. Tarangire ya Septemba, mto ukiwa ndio maji pekee ya uhakika, inastahili usiku mbili hata tatu. Tarangire ya Aprili ni jambo jingine: nyumbu, pundamilia na tembo wengi wametawanyika nje ya mipaka, hadi tambarare za Simanjiro, nyasi ni ndefu, na mbung'o hawajaenda popote. Serengeti nayo huhama pamoja na wanyama wake. Kati ya Januari na Machi nyumbu huzalia kusini, jirani na Ndutu. Kuanzia Julai hadi Oktoba huwa kaskazini, Kogatende, saa kadhaa za barabara kutoka Seronera. Ratiba inayokulaza Seronera mwezi wowote wa mwaka haijakudanganya, maana Seronera ina simba na chui daima, lakini haikukutengenezea safari; imekuchukulia safari kutoka rafuni. Manyara, ambayo miaka ya karibuni maji ya ziwa yalipanda na kufunika baadhi ya njia, ndiyo ningeitoa kwanza, ingawa nakubali kwamba mpenda ndege hatanielewa.

Kwa wiki moja, basi, hifadhi mbili zinatosha, tatu zikizidi. Februari ningelala usiku nne Ndutu na Seronera, kisha nimalizie kreta. Septemba ningegawa wiki kati ya Tarangire na kaskazini ya Serengeti. Wakenya wanaotaka kuunganisha Maasai Mara na Serengeti wajue kwamba hifadhi hizo zimepakana lakini watalii hawavukii humo; njia ni kuzunguka hadi Isebania na Sirari, na kwa kawaida gari hubadilishwa mpakani, jambo linalokula sehemu kubwa ya siku.

Msomaji wa Dar es Salaam ana njia nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inafika Morogoro, na kutoka hapo gari la kukodi huingia Mikumi bila shida, kwa kuwa barabara kuu ya Iringa inakatiza hifadhi hiyo ya kilomita za mraba 3,230. Milima ya Udzungwa iko jirani, na huko hutembelewa kwa miguu hadi maporomoko ya Sanje, hivyo hakuna gari la kusumbua mnyama wala la kukupasua mgongo. Mwenye siku za ziada ataendelea hadi Ruaha kupitia Iringa. Tukubali hata hivyo kwamba kusini hakukuhakikishii wanyama kwa wingi wa Serengeti, na kwamba loji za bei ya kati si nyingi.

Linabaki suala la msongamano, ambalo familia moja haiwezi kulitatua kwa kupanga ratiba vizuri. Ngorongoro tayari ina chombo ambacho hifadhi za taifa hazikitumii kwa uzito huohuo: pamoja na ada ya kila mtu, gari linaloshuka kreta na watalii wa nje hulipiwa ada kubwa kwa kila safari, ambayo imekuwa dola 250 kabla ya kodi. Ada ya namna hiyo huiumiza gari lenye watu wawili na kuipa nafuu lenye watu sita, pasipo kumkataza yeyote. Ingetozwa Kogatende kuanzia Julai hadi Septemba, faragha ingeendelea kuwepo, ila anayeitaka angelipia pia nafasi anayoichukua kando ya mto. Kipingamizi chake kinajulikana: ikitozwa bila ubaguzi, mwalimu wa Musoma anayeingia kwa gari lake dogo na watoto watatu ndiye atakayekuwa wa kwanza kugeuka na kurudi langoni mwa Serengeti, kabla ya mteja yeyote wa loji ya kifahari. Njia ya kumlinda ni kuweka kiwango cha shilingi kwa magari ya wananchi yasiyo ya biashara, kama inavyofanyika kwenye viingilio, na kuanza majaribio kwa msimu mmoja kwenye vivuko vya Mto Mara pekee.