Jicho Tunalolinunua Arusha

Jirani yangu ana duka la vitenge karibu na Soko la Kilombero. Mwaka jana walimvunjia mara mbili ndani ya miezi mitatu, na mara ya pili wakabeba hadi cherehani. Akajikusanya, akaita fundi, akafungiwa kamera nne na mashine ya kurekodia. Tangu hapo hajavunjiwa tena. Miezi kadhaa baadaye alitaka kumwingiza mwanawe kwenye programu ya simu ili naye awe anatazama duka, akakuta kwamba yeye mwenyewe amesajiliwa humo kama mgeni. Mwenye kamera alikuwa fundi. Alipompigia, fundi hakuona ajabu: “Mama, nilifungulia kwa namba yangu ili kazi isikwame.” Wakati huo fundi alishahamia Dodoma, na akiwa huko angeweza kumwona mama huyu akihesabu mauzo kila jioni.

Sisemi alimtazama. Huenda hata alishasahau. Ila mama alilipia ulinzi, na funguo zikabaki kwa mtu mwingine bila yeye kujua. Nikiliangalia soko la dunia la vifaa vya ulinzi na ufuatiliaji, naona mambo ni yaleyale, tofauti ni kwamba huko wanunuzi ni serikali na fedha ni mamilioni ya dola.

Kwanza tuitendee haki hofu ya watu. Arusha ina kumbukumbu zake. Mei 2013 bomu lilirushwa Olasiti siku ya uzinduzi wa kanisa, na mwezi uliofuata jingine likalipuka uwanja wa Soweto kwenye mkutano wa kampeni za CHADEMA. Aliyekuwa hapa siku zile haulizi kwa nini watu hukubali kupekuliwa getini. Sisi pia ni mji wa wageni: makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa, watalii wa Serengeti na Ngorongoro hupita hapa. Hoteli isiyo na kamera leo inaonekana haijali wateja wake. Kule Mirerani, ukuta wa kilomita 24.5 uliozinduliwa Aprili 2018, pamoja na kamera zake, uliwekwa kwa sababu tanzanaiti ilikuwa ikitoroshwa mchana kweupe. Wachimbaji wamelalamikia namna wanavyopekuliwa wakitoka, na malalamiko hayo yasipuuzwe, lakini sijasikia mtu makini akidai ukuta ubomolewe.

Je, kamera zinafanya kazi? Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Eric Piza walijumlisha tafiti za miaka 40 na kukuta kwamba uhalifu ulipungua kwa takriban asilimia 13 katika maeneo yenye kamera, ukilinganisha na yasiyo nazo. Zilisaidia zaidi kwenye maegesho ya magari. Kwa makosa ya kupigana na kujeruhi hazikuonyesha tofauti ya maana. Hapa kwetu maana yake ni kwamba yadi ya magari ya safari kule Njiro, stoo ya mahindi au duka la vitenge vitapata faida ya kweli. Ugomvi wa baa usiku wa manane hautapungua kwa sababu kuna kamera juu ya nguzo. Na umeme ukikatika, au asipokuwepo askari wa kuitikia, kamera inabaki pambo. Anayewauzia viongozi wetu “jiji salama” kwa jumla, kana kwamba kamera ni dawa ya kila kosa, anauza zaidi ya alichonacho.

Tugeukie wauzaji. Hikvision na Dahua, kampuni mbili za mji wa Hangzhou, ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa kamera duniani. Oktoba 2019 Marekani iliziweka kwenye orodha ya kampuni zilizowekewa vikwazo, ikizihusisha na ukandamizaji wa Wauyghur, jamii ya Waislamu wa jimbo la Xinjiang, China. Novemba 2022 Uingereza iliagiza wizara zake ziache kufunga kamera za kampuni zinazobanwa na sheria za China kwenye maeneo nyeti. Wengi wetu tumeyapokea haya kama ugomvi wa biashara: wakubwa wanagombea soko, sisi tunatafuta kamera ya bei nafuu. Hoja hiyo ina ukweli. Bila viwanda vya China, kamera ingebaki kuwa ya benki na hoteli kubwa, na jirani yangu angeendelea kutegemea kufuli na maombi.

Wala nchi za Magharibi na marafiki zao hawana mikono safi. Pegasus, programu inayoingia kwenye simu kimyakimya na kusoma kila kitu, ni ya NSO Group ya Israel; Marekani yenyewe iliiwekea kampuni hiyo vikwazo Novemba 2021, baada ya kubainika kwamba wateja wake waliwafuatilia waandishi wa habari na watetezi wa haki. Mwaka 2015 kampuni ya Hacking Team ya Milan ilidukuliwa, na nyaraka zake zikaonyesha kwamba Ethiopia na Sudan zilikuwa kwenye orodha ya wateja. Kwa hiyo kuuliza kama tununue Mashariki au Magharibi hakutatusaidia sana. Kote huko kuna muuzaji ambaye haulizi silaha yake itaelekezwa kwa nani.

Jirani zetu wanaweza kutufundisha zaidi. Uganda ilinunua mfumo wa kamera wa Huawei kwa dola milioni 126, baada ya mfululizo wa mauaji ya kutisha yaliyowafanya Waganda wengi waunge mkono mpango huo. Mwaka 2019 gazeti la Wall Street Journal liliripoti kwamba mafundi wa kampuni hiyo waliwasaidia maofisa wa usalama kusoma mawasiliano ya Bobi Wine, mwanasiasa wa upinzani. Huawei ilikanusha. Mwaka mmoja kabla, Le Monde lilikuwa limeandika kwamba data za makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, jengo lililojengwa na China, zilikuwa zikitumwa Shanghai kila usiku kwa miaka mitano. China ilikanusha. Labda waliokanusha wanasema kweli. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba mnunuzi hakuwa na njia yake mwenyewe ya kuthibitisha.

Kuna hatari nyingine isiyohitaji njama ya mtu yeyote. Mwaka 2016 virusi vya kompyuta vilivyoitwa Mirai viliteka kamera na mashine za kurekodia nyingi mno duniani, kwa kujaribu tu nywila zilizotoka nazo kiwandani. Vifaa hivyo vikatumiwa kuangusha tovuti kubwa za Marekani kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua lolote. Ukipita leo Barabara ya Sokoine, ingia duka lolote lenye kamera umuulize mwenyewe kama aliwahi kubadilisha nywila. Wengi watakuuliza nywila ipi.

Halafu kuna nyuso zetu. Kamera inayorekodi na kamera inayotambua nani ni nani ni vitu viwili tofauti, ingawa huuzwa kwenye boksi linalofanana. Joy Buolamwini na Timnit Gebru, Mhabeshi aliyezaliwa Addis Ababa, walipima mwaka 2018 programu za kutambua jinsia ya mtu kwa kuangalia uso. Kwa wanaume weupe makosa ya programu hizo hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi kosa lilifika asilimia 34.7. Programu zimeboreshwa tangu hapo. Hata hivyo, Januari 2020 polisi wa Detroit walimkamata Robert Williams, mtu mweusi, mbele ya watoto wake kwa sababu kompyuta ilimfananisha na mwizi wa saa. Huyo alipata mawakili na dunia nzima ikamsikia. Namfikiria kijana wa bodaboda wa Ngarenaro akifananishwa hivyo na mashine: atamwonyesha nani kosa la mashine?

Wapo wanaosema kutazamwa si jambo jipya kwetu, kwa kuwa tulikuwa na mjumbe wa nyumba kumi aliyejua mgeni wa kila nyumba. Ni kweli, na sitaki kumpamba mjumbe. Wengine walitumia nafasi ile kuonea watu na kupeleka umbea kwenye chama. Lakini mjumbe alikuwa na jina na mlango. Ungeweza kwenda kumlalamikia, au kumshitaki kwa wazee. Mfumo wa kamera hauna mlango wa kuugonga usipowekewa kwa sheria.

Sheria tunayo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi na mawasiliano ya mtu, jambo ambalo hata Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu wa 1981 haukulitaja waziwazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili, aseme anazikusanya kwa ajili ya nini, na inampa mhusika haki ya kuziona na kudai fidia. Udhaifu wake uko palepale panapouma: masuala ya usalama wa taifa na kuzuia uhalifu yamepewa msamaha mpana, na hayo ndiyo maneno yanayoandikwa kwenye zabuni ya kila mfumo mkubwa. Na ukishindwa nyumbani, Mahakama ya Afrika iko hapa mjini lakini mlango wake ni mwembamba, kwa kuwa Novemba 2019 Tanzania ilitoa taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kufungua kesi moja kwa moja.

Msimamo wangu ni kwamba mwenye duka afunge kamera yake, na aandike mlangoni kwamba ipo. Mirerani waendelee kulinda madini, kwa upekuzi usiomvunjia mtu heshima. Programu za kuingia kwenye simu za watu zisinunuliwe kabisa, kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha namna ya kuzizuia zisigeuzwe dhidi ya wakosoaji. Mfumo wa kutambua nyuso usubiri hadi msamaha ule upunguzwe na pawepo hakimu wa kutoa kibali.

Subira hiyo ina tarehe. Uwanja mpya wa Arusha, wa watazamaji wapatao 30,000, unajengwa kwa ajili ya AFCON ya 2027, na uwanja wa namna hiyo lazima uwe na kamera. Nataka kabla ya mechi ya kwanza wahusika wabandike hadharani picha zitahifadhiwa siku ngapi, zitakaa kwenye seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia, ya nani, nani anaruhusiwa kuziangalia, na baada ya mashindano zitaelekezwa wapi. Jirani yangu alihitaji dakika tano tu kulifuta jina la fundi, kwa sababu kamera zilikuwa zake na mashine ilikuwa chini ya meza yake. Mkataba wa jiji ukishasainiwa na seva ikiwa kwa muuzaji, kazi hiyo haitafanyika kwa dakika tano.