Kanzidata ndiyo ilinde kiti cha abiria

Mfumo wa kukata tiketi za basi unaoweza kuuza kiti kimoja mara mbili katika safari ileile haufai kupokea pesa ya mtu, hata kurasa zake ziwe nzuri namna gani.

Kiti namba 12 kipo karibu kila basi, kwa hiyo namba peke yake inaruhusiwa kujirudia. Kisichotakiwa kujirudia ni safari na kiti vikiwa pamoja. Waandishi wengi wa programu huliachia sharti hili programu yenyewe: itafute kama kiti kimeshakatwa, kisha ihifadhi. Ukaguzi wa upekee wa Rails, zana ya kutengenezea programu za wavuti, hufanya hivyo, na mwongozo wake unaonya kwamba hautoshi.

Hautoshi kwa sababu kati ya kutafuta na kuhifadhi pana mwanya. Wiki ya Krismasi, watu wanakimbilia Moshi na Arusha, abiria wawili wanabonyeza kwa pamoja. Kila ombi linakuta kiti kitupu, kila ombi linahifadhi. Alfajiri stendi, wote wawili wana tiketi halali, na mmoja wao ni mama mwenye mtoto mgongoni. Naona ni dhuluma kumfikisha hapo wakati dawa ni mstari mmoja kwenye jedwali la tiketi ndani ya kanzidata, yaani hifadhi ya data ya mfumo:

UNIQUE (safari_id, kiti)

Wa pili atakataliwa na kanzidata yenyewe: kati ya programu za kanzidata, PostgreSQL hutoa kosa 23505, MySQL hutoa 1062. Programu ilidake kosa hilo na kumwomba abiria achague kiti kingine, kabla hajalipa. Ukaguzi wa awali ubaki, maana unampa mtumiaji jibu mapema. Django, zana nyingine kama Rails, nashukuru, ukitangaza UniqueConstraint huliandika sharti kwenye kanzidata pia.

Wengi hukwama kwenye tiketi zilizofutwa: rekodi imebaki, kiti hakiuziki tena, basi wanaling'oa sharti lote. Msifanye hivyo. PostgreSQL inaruhusu indeksi ya upekee (njia nyingine ya kuweka sharti hilo) inayohusu tiketi hai tu, kwa kuongeza WHERE, yaani kichujio cha rekodi. Angalieni na safu zinazoweza kuwa NULL, yaani tupu bila thamani, kwani kwa kawaida NULL mbili hazihesabiwi kuwa sawa, hivyo rudufu, yaani rekodi zinazojirudia, hupita. PostgreSQL 15 ya mwaka 2022 ilileta NULLS NOT DISTINCT, inayozihesabu NULL kuwa sawa, kwa ajili hiyo.

Na kama jedwali lina rudufu tayari, sharti halitakubali kuwekwa. Zitafuteni kwa kuhesabu tiketi za kila safari na kiti, kwa GROUP BY na HAVING COUNT(*) > 1, kisha wapigieni simu abiria hao kabla ya siku ya safari.