Herufi Zimepagawa Nyumbani Kwangu

Mimi kompyuta siidai makubwa. Nimeinunua mkononi kwa mtu, ina mkwaruzo ubavuni, na kitufe cha herufi P hakikubali mpaka ukibembeleze. Mkataba wetu ni mmoja tu: A iwe A, B iwe B, mengine tutasameheana. Jumanne ile asubuhi ikauvunja.

Nimeketi, kikombe cha chai huku, muhogo wa kuchemsha huku, nawasha. Naona maandishi yote yamejikunja. Pale chini ya picha ya pipa la taka pana kitu chenye mikia mirefu, S kama ndoana ya kuvulia changu. Majina ya mafaili, menyu, saa ya pembeni, vyote vimeandikwa kwa mwandiko wa kadi ya harusi. Nikibofya kitufe cha kulia cha mausi inanifungukia orodha nzima kama barua ya mapenzi. Na kompyuta yenyewe inaongea Kiingereza. Kiingereza mimi nakisoma kwa kubahatisha kikiwa kimesimama wima, sasa kikilala ubavu na kusuka nywele nitakiweza wapi?

Na haraka ninayo. Binti wa dada yangu anaolewa Jumamosi ya wiki inayofuata. Sisi Wamwera tunafuata upande wa mama, kwa hiyo kwenye shughuli kama hii mjomba si mgeni wa kula pilau akaondoka. Mjomba ndiye mwenye shughuli. Baba wa mtoto anaweza kukaa anachezea tasbihi, mimi naulizwa maturubai yako wapi. Kadi nilijitolea mwenyewe nizitengeneze nyumbani, kupunguza gharama. Kauli hiyo niliitoa mbele ya kikao, na katibu akaiandika.

Nikamwita mama watoto aje aone.

"Baba Asha, hayo ni macho," akasema, hata skrini hajaitazama. "Umri huo."

Nikamwambia macho hayazeeki usiku mmoja. Akasema ya kwake hayajazeeka, ya kwangu ajuaye ni Mungu. Basi nikatoka hadi karibu na soko nikanunua miwani kwa kijana mwenye ubao, shilingi 5,000. Wamachinga ni watu wa huku kwetu Lindi, nchi nzima imechukua jina la ndugu zetu ikawabandika wauza soksi wote, lakini ukidhani kununua kwenye chimbuko utapunguziwa, jaribu. Hakunishushia hata mia. Nikarudi, nikavaa. Mikia niliyokuwa naiona kwa shida sasa nikaiona vizuri sana.

Mama yangu mzazi naye akasogea. Mama alisoma chuoni, Qur'ani anaisoma, na barua za zamani za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zile zilizomo kwenye kasha la babu, ni yeye tu nyumbani anayezisoma. Akaitazama skrini muda mrefu.

"Kiarabu hiki si," akasema. "Ameandika mtu mwenye haraka ya kwenda chooni."

Shemeji yangu, Mmakonde wa Newala, alipita jioni kuazima tindo, akasema ni kirusi. Kwa shemeji kila kitu ni kirusi, hata korosho zake zilipopata ubwiriunga alisema ni kirusi, na ubwiriunga ni ukungu, kila mkulima anajua, ndiyo maana tunapiga salfa. Akaniwekea antivairasi. Ikachunguza kwa muda wa saa tatu, haikukamata kitu, ikaishia kuniomba nilipie ile kubwa.

Kukawa hakuna namna, nikambeba mgonjwa hadi kwa fundi.

Fundi wetu ana dawa moja, kupiga windo, yaani kuiweka upya Windows, ule mfumo unaoendesha kompyuta. Sauti haitoki? Tupige windo. Mashine nzito? Tupige windo. Siku moja nilimpelekea printa imeishiwa wino, akaikunjia uso, nikamuona kabisa anataka kuipiga windo. Mara hii hata hakuivua begi. "Mzee, hiyo ni windo imechoka. Elfu ishirini. Ila vitu vyako vyote vinaondoka." Vitu vyangu vyote ni daftari la kikoba la miaka mitatu, picha za mazishi ya baba, na hiyo kadi ya nikahi. Nikamwambia asante, nikambeba mgonjwa nikarudi naye.

Usiku nikaamua kuhangaika mwenyewe. Nilifanya kosa la kufuta vumbi kwenye kibodi huku mashine inawaka, kitambaa kikalalia kitufe cha Ctrl na kiwiko kikazungusha gurudumu la mausi. Ukurasa wa intaneti niliokuwa nausoma ukaanza kukua. Ukakua, ukakua, mpaka neno moja likajaza kioo. Herufi kama mjusi wa Tendaguru! Yule mjusi, dinosaria, ni wa kwetu, Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913, huko juu porini, wakamsafirisha mifupa mifupa, leo kasimama Berlin mita 13 na kitu kwenda juu. Watu wanadai arudishwe. Arudishwe, lakini si kwenye kompyuta yangu. Hilo lilikuwa rahisi, asante Mungu. Unashika Ctrl unabonyeza sifuri, ukurasa unarudi kimo chake. Nilifurahi dakika mbili kama mtu aliyepona, kisha nikakumbuka kwamba ule ugonjwa wa mwanzo upo palepale.

Kwenye sehemu ya mipangilio kuna chumba cha fonti. Fonti ndiyo hiyo sura ya herufi, yaani kanzu iliyovaa. Mle ndani kuna kitufe cha kurudisha mipangilio ya fonti kama ilivyokuwa mwanzo. Kukifikia ilinichukua nusu saa, maana kila neno nalisoma kwa kukisia, huyu ana tumbo atakuwa B, huyu kavuta mguu labda F. Nikakibofya. Nikazima, nikawasha. Mikia ileile. Nikafuta na ile akiba ambamo Windows huweka kumbukumbu za fonti, maana ikiharibika nayo huleta herufi za ajabu. Nikazima, nikawasha. Safari hii mikia niliiona kama inacheka.

Ukweli nilikuja kuupata Alhamisi usiku, kwenye sinia la wali, bila kuutafuta. Mpwa wangu, kaka wa bibi harusi, amemaliza kidato cha nne anasubiri matokeo, na kijana anayesubiri matokeo ni mtu hatari kuliko moto wa msitu. Kaja kwangu kusaidia shughuli. Nikawa nalalamika, yeye anachagua miiba ya samaki kwa makini ambayo sijawahi kumuona nayo.

"Mjomba," akasema, "kwani si imependeza?"

Nikaliweka tonge chini.

Kumbe alitazama video. Kijana mmoja huko, Mhindi sijui Mbrazili, anaonyesha namna ya kubadili maandishi ya kompyuta nzima. Mpwa kapakua fonti ya bure yenye mikia, kaandika mistari michache kwenye faili, kalibofya mara mbili. Kompyuta, maskini, ikamuuliza kwamba jambo hili linaweza kuharibu mambo, una uhakika? Kijana wa miaka kumi na minane hana uhakika na kitu chochote duniani, ila hapo tu. Akabofya ndiyo.

Nilimfanya anieleze pole pole, na nikishaelewa na mimi nawaeleza. Windows ina fonti yake ya kila siku inaitwa Segoe UI, ndiyo inayoandikia menyu na vitufe na majina ya mafaili. Na ina daftari kubwa la ndani ambamo kila fonti imeorodheshwa, jina lake na faili lake. Sasa lile faili la mpwa liliingia kwenye daftari likafanya mambo mawili. Kwanza, mbele ya jina la Segoe UI likafuta, pakabaki patupu. Pili, kwenye orodha ya mbadala likaandika kwamba akiitwa Segoe UI, aitike huyu mwenye mikia. Ni kama mwalimu anaita mahudhurio, anasema "Hamisi!", Hamisi yupo darasani mzima wa afya, lakini amekatazwa kuitika, anaitika mtoro wa shule ya jirani. Ndiyo maana kile kitufe changu hakikufua dafu. Kitufe kinapanga upya fonti zilizomo darasani, mistari ile ya daftari hakiigusi.

Dawa ikawa kurudi njia ileile kinyumenyume. Tukaandika faili jingine, mbele ya Segoe UI tukamrudishia faili lake, segoeui.ttf, na ndugu zake wa herufi nene na herufi za kulala kila mmoja na lake, halafu kwenye mbadala tukalifuta jina la mtoro. Mpwa anaandika, mimi nimesimama nyuma yake na miwani ya elfu tano. Tukabofya mara mbili. Una uhakika? Nikabofya mwenyewe. Tukazima, tukawasha.

Pipa la taka likawa pipa la taka. Nilisoma menyu nzima kwa sauti, mpaka mama watoto akaja kuona naongea na nani.

Hapo mtu mwenye akili angelala. Mimi nikasema kadi ziende zikachapwe kesho.

Ijumaa nikapeleka flashi steshenari. Dada wa pale akafungua kadi, ikaja imevaa Times New Roman, hiyo fonti ya gazeti la The Times la London ya mwaka 1932, nyeusi, imenyooka, kama tangazo la mnada wa mashamba. Kompyuta yake haina ile fonti yetu ya maua, kwa hiyo imempa mgeni nguo iliyokuwepo kabatini. Na kwa kuwa nguo haimtoshi, mistari ikasukumana, sentensi ya walima ikadondokea ukurasa wa pili peke yake. Dada akanishauri vizuri kabisa: rudi nyumbani, ligeuze liwe PDF, hapo fonti inasafiri ndani ya faili na hakuna mtu wa kuibadilisha. Ulivyoliona kwako ndivyo litakavyotoka kwangu, hata nukta.

Nikarudi, nikaligeuza, nikalipeleka. Sikulitazama. Ulivyoliona kwako, kasema. Na kwangu nililiona. Juzi.

Zikachapwa 60, rangi, karatasi ngumu. Nikazileta nyumbani kwa bodaboda nimezikumbatia. Mama akawa wa kwanza kupokea moja.

"Mwanangu," akasema, "nani kafa?"

Nikavaa miwani. Juu kabisa, kwa dhahabu, mahali pa neno NIKAHI, pana fuvu la kichwa lenye mifupa miwili ya kupishana. Likifuatiwa na kiganja kilichopanuliwa. Kisha uso usiocheka wala kununa. Kisha vidole viwili vimesimama. Kisha kidole kinaonyesha chini. Kisha kiganja tena.

Mpwa alikuwa keshafika mlangoni, nikamrudisha. Kumbe Ijumaa hiyohiyo, mimi nikiwa steshenari mara ya kwanza, aliona kichwa cha habari kikavu akataka kukizungushia maua. Maua aliambiwa yamo kwenye Wingdings, fonti ya mwaka 1990 ambayo badala ya herufi ina vipicha. Ni kweli yamo. Lakini wakati anaiteua, neno NIKAHI lilikuwa limekolezwa, likageuka lote. Na PDF yangu, kwa uaminifu wake wote, ikalifungia humo.

Nikajaribu fonti hiyo kwa hasira. Nikaandika LINDI nione sisi tumepewa nini. Uso ulionuna, kiganja, fuvu, dole gumba limeelekezwa chini, kiganja. Nikasema labda wametuonea sisi tu, nikaandika MTWARA. Herufi ya kwanza bomu, ya pili chembe ya theluji. Theluji, Mtwara!

Kikao cha dharura kikakaa. Mtunza hazina akasema hakuna shilingi ya kuchapa upya, majina yanasomeka, tarehe inasomeka, mahali panasomeka, zigawiwe hivyohivyo. Bibi harusi alilia kidogo, bwana harusi yeye alilipenda lile fuvu, akaniuliza kama naweza kumtengenezea la pikipiki.

Jumamosi ikafika. Chini ya mwembe tumepanga viti 60, sahani 60, pilau imepimwa, mimi niko mlangoni napokea kadi. Wa kwanza kuingia ni jirani wa Mitwero na mkewe. Nikamwambia kadi ni ya mtu mmoja. Akanionyesha vile vidole viwili. "Si ndiyo dabo hii?"

Nyuma yake wawili wawili, barabara nzima. Nikaanza kuhesabu sahani kichwani, jasho linanitiririka, ndipo nikamuona shemeji wa Newala anashuka kwenye Noah, na mlango wa Noah haufungwi, bado wanashuka. Wake, watoto, shangazi, mmoja simjui kabisa. Akanikabidhi kadi kwa heshima zote, akaweka kidole kwenye kiganja cha kwanza, akakisogeza mpaka kiganja cha mwisho.

"Tano na tano, shemeji. Hesabu mwenyewe."