Duka Limefungwa, Dalali Yupo

Lucy alikuwa mbwa jike wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel, wale wadogo wenye masikio marefu wanaopendwa sana Uingereza. Alipookolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalisha mbwa huko Wales, nyonga zake zilikuwa zimegandamana kwa kukaa kizimbani, mgongo umepinda, manyoya yamenyonyoka mabaka mabaka, na kifafa juu yake. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuzaa. Alikufa mwaka 2016, na sheria iliyopewa jina lake ikaanza kutumika England tarehe 6 Aprili 2020. Tangu hapo duka au dalali haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa wala wa paka aliye chini ya miezi 6. Anayemtaka aende kwa mfugaji mwenyewe, amwone mtoto akiwa na mama yake pale alipozaliwa, au la, akachukue kwenye kituo cha wanyama waliotelekezwa.

England haiko peke yake. California ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kuyabana maduka, kuanzia Januari 2019. Ufaransa iliyafungia Januari 2024, na New York ikafuata Desemba mwaka huo huo.

Wanaotaka marufuku hawagombani na kioo cha dukani. Wanagombana na kilichoko nyuma yake. Marekani mzalishaji mkubwa hupewa leseni na wizara ya kilimo, na kipimo cha kizimba kinasema hivi: pima mbwa kutoka puani hadi shina la mkia, ongeza inchi 6, na huo ndio urefu na ndio upana. Juu ya kichwa, inchi 6 nyingine. Yaani mbwa anaweza kuishi humo akizaa, na mwenye kizimba akawa hajavunja sheria yoyote. Duka ndilo linaloufanya mtindo huu ulipe, kwa sababu mnunuzi anaona kitoto kilichoogeshwa kikicheza na vipande vya karatasi. Mama yuko majimbo matatu mbali.

Wenye maduka nao wana lao, na si la kupuuzwa. Duka lina anwani, lina leseni, lina mlango ambao mkaguzi anaweza kuubisha. New York mtu aliyenunua mbwa kwa mfanyabiashara ana siku 14 za kazi za kudai haki yake iwapo daktari wa mifugo atathibitisha kwamba mnyama aliuzwa akiwa mgonjwa, na siku 180 ikiwa ni kilema cha kuzaliwa nacho. Ukifunga duka, wanasema, hamu ya watu haifi, inahamia kwenye simu. Na yule wa kwenye simu, mbwa akianza kuharisha damu siku ya tatu, namba yake haipatikani.

Serikali ya Uingereza yenyewe ilikuwa na hofu hiyo hiyo. Mwaka 2016 kamati ya Bunge ilipendekeza marufuku, na serikali mwanzoni ikakataa ikisema biashara itaingia uvunguni. Ilipobadili msimamo, sheria ikaja kuanza wiki mbili tu baada ya watu kufungiwa majumbani kwa sababu ya korona, wakati ambapo kila mtu alitaka mbwa na bei zilipaa. Wajanja hawakuchelewa. Wanapangisha nyumba, wanatandika zulia safi, wanamlaza jike yeyote pembeni na kumwita mama. Mwenye jicho atagundua: watoto hawamsogelei, na chuchu zake ni kavu.

California imemfukuza dalali huyu kwa miaka. Sheria ya kwanza iliruhusu maduka kuuza wanyama wa vituo vya uokoaji tu. Ghafla kukazuka "vituo vya uokoaji" vyenye watoto wa mbwa wa wiki nane, tena wa aina za bei kali. Mwanasheria mkuu wa jimbo la Iowa alifungua kesi mwaka 2019 kuhusu mtandao wa namna hiyo, uliokuwa ukipeleka watoto wa mbwa hadi California. California ikaziba tundu hilo mwaka 2021. Madalali wakahamia mtandaoni, na mwaka 2025 ikabidi itungwe sheria nyingine inayowataja wao moja kwa moja.

Mimi naunga mkono marufuku, ila si kwa hoja zote zinazotolewa. Ile ya kwamba vituo vya wanyama vitapungua msongamano hainiingii akilini. Vimejaa mbwa wakubwa, watu wazima. Mama mwenye watoto wadogo na nyumba ya vyumba viwili anatafuta kitoto cha kubebwa kwapani. Hao ni wateja wa soko tofauti. Kinachonishawishi ni kile kipengele kidogo cha sheria ya England, cha kumwona mtoto wa mbwa akiwa na mama yake.

Nilipokuwa mdogo Moshi, mbwa hakununuliwa. Uliambiwa jike la jirani limezaa, unakwenda na baba jioni. Mama mtu ananguruma chini ya ghala la mahindi, mwenye nyumba anamfunga kamba, ndipo mzee anawashika watoto mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo na kuwainua, akisema asiyelia ndiye mlinzi. Ulimwona mama ni mkali au mpole, ana upele au hana, anashiba au anakonda. Hakuna aliyeita hilo ustawi wa wanyama, na kusema kweli mbwa wetu waliteseka kwa mengine mengi. Lakini hakuna aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Duka, kwa leseni zake zote, ni gunia. Matangazo ya mtandaoni ni gunia jingine, na hapo wenye maduka wana haki ya kulalamika kwamba wao walibanwa kwanza kwa kuwa wao ndio wanaoonekana.

Ufaransa imeongeza jambo ambalo naona wengine wamelisahau. Tangu Oktoba 2022, anayetaka mbwa au paka kwa mara ya kwanza hutia saini hati ya kukiri kwamba anajua anachojitwisha, kisha anasubiri siku 7 kabla ya kukabidhiwa. Wiki nzima mtoto wa mbwa anabaki alipo, na mnunuzi anabaki na hesabu ya chakula, ya chanjo, na ya nani atakayemtoa nje saa kumi na mbili asubuhi mvua ikinyesha.