Hiyo "Baada" Yenyewe ni Lini?

Baba tulimzika mwezi wa kumi. Majilio, yale majuma ya kuingoja Krismasi, yalipoingia, viti vya kuazima vilikuwa vimesharudishwa, ndugu wamekwenda makwao, simu za pole zimekatika. Mama alikuwa bado anatoa vikombe viwili kila asubuhi, anaviweka mezani, anavitazama kidogo, kisha kimoja anakirudisha kabatini. Mimi sina kawaida ya kunywa kitu asubuhi. Nilimwona mara kadhaa nikajifanya sijaona.

Dominika ya kwanza, tulipotoka misani, mama mmoja tunayesali naye alimshika mkono akamwambia, "Jipe moyo, dada yangu. Baada ya dhiki faraja." Mama akaitikia amina. Tulipofika njiani, kimya kirefu kikiwa kimepita, akaniuliza, "Hiyo baada yenyewe ni lini?"

Sikuwa na jibu, na sidhani alikuwa analitafuta kwangu.

Yule mama sina ugomvi naye, alisema kwa upendo. Methali yenyewe nayo ni nzuri. Ninachogombana nacho ni lile neno "baada", jinsi tulivyoligeuza kuwa imani yetu nzima. Tumeipanga furaha ya Kikristo foleni nyuma ya matatizo: kwanza yaishe, ndipo ufurahi. Sikiliza shuhuda tunazozipigia makofi. Nilikuwa mgonjwa, nimepona. Nilikuwa sina kazi, nimepata. Ni mara ngapi umemwona mtu akisimama mbele na kusema, "Bwana asifiwe, bado naumwa," kisha akarudi kukaa? Tungedhani hajamaliza kusema. Pengine tungemwombea apewe imani zaidi.

Na aliye katikati ya dhiki anajifunza haraka. Anavaa tabasamu mlangoni mwa kanisa, analivua akifika nyumbani. Hiyo wala si furaha, ni adabu tu.

Ndiyo maana nayapenda Majilio kuliko Krismasi yenyewe, ingawa nikisema hivyo watoto hunishangaa. Majilio ni msimu wa watu wa katikati. Angalia hata neno. Mtu anaweza kuja tu, akapita zake. Lakini kitenzi kikinyooshwa kikawa kujia, kikanyooshwa tena kikawa kujilia, kuja kwenyewe kunakuwa na mwelekeo: kuna mwenye kujiliwa. Bwana hatusubiri sisi tutoke shimoni tumfuate. Anayesafiri ni yeye.

Kanisa limeyapanga majuma haya kwa ujanja wa kimyakimya. Padre anavaa zambarau kama wakati wa Kwaresima. Wimbo wa Utukufu kwa Mungu hauimbwi Dominika hizi. Lakini wakati wa Kwaresima Aleluya hunyamaza kabisa, na katika Majilio inaimbwa. Nilikuwa mtu mzima nilipoligundua hilo. Tumenyimwa utukufu kwa muda, shangwe tumeachiwa.

Halafu inafika Dominika ya tatu, ile ya Gaudete, yaani Furahini, na padre anaweza kutokea na vazi la waridi. Wengine hulicheka. Mimi naona ni teolojia nzima ndani ya kitambaa. Waridi si nyeupe ya Krismasi. Ni kama zambarau iliyoingiwa na mwanga, na ukiitazama vizuri, zambarau bado imo. Amri yenyewe ya kufurahi imetoka kwenye barua kwa Wafilipi: "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini." Mwandishi wake alikuwa kifungoni wakati akiiandika. Kama Paulo angesubiri "baada", Wafilipi wasingepata barua.

Kuna miaka ambayo Injili ya Dominika hiyo hiyo ya furaha inatupeleka gerezani tena, safari hii kwa Yohana Mbatizaji. Huyu ndiye aliyemwonyesha Yesu kwa kidole mbele ya watu. Sasa amefungwa na Herode, na anatuma wanafunzi wake waulize, "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Nikisoma hapo namsikia mama yangu njiani. Ni lile lile swali la lini.

Jibu la Yesu nimelirudia mara nyingi. Vipofu wanaona, viwete wanatembea, wenye ukoma wanatakaswa, viziwi wanasikia, wafu wanafufuliwa, maskini wanahubiriwa habari njema. Hesabu waliotajwa. Wafungwa hawamo, ingawa nabii Isaya, ambaye maneno yake Yesu anayarudia hapa, aliwataja, na Yohana aliyekuwa akisubiri habari hizo alimjua Isaya vizuri. Hakuahidiwa kufunguliwa, na hakufunguliwa. Alikatwa kichwa humo humo. Alichopewa ni habari kwamba yule aliyemngoja amekwisha kufika na anafanya kazi, mahali ambapo yeye Yohana hawezi kuona. Mimi jibu hilo linaniuma. Na bado ndilo jibu pekee ninaloliamini, kwa sababu halimdanganyi mtu aliye gerezani.

Wafungwa wengine wamelielewa kuliko sisi tulio nje. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri wa Ujerumani aliyewapinga Wanazi, akiwa katika gereza la Tegel mjini Berlin mwaka 1943, alimwandikia rafiki yake kwamba chumba cha gereza kinafanana na Majilio: unangoja, unatumaini, unafanya hiki na kile, na mlango umefungwa, haufunguki ila kutoka nje. Mwaka uliofuata, katika gereza hilo hilo, padre Mjesuiti Alfred Delp aliandika tafakari za Majilio akiwa amefungwa pingu, karatasi zikatolewa nje kwa siri. Aliuawa tarehe 2 Februari 1945, na Bonhoeffer akafuata Aprili. Siwezi kuwaita watu hao wajinga wa furaha rahisi.

Sasa kuhusu mishumaa tunayoiwasha kwenye shada, mmoja zaidi kila Dominika ya Majilio. Shada la Majilio asili yake inatajwa kuwa kwa Johann Hinrich Wichern, Mlutheri aliyelea watoto maskini huko Hamburg, Ujerumani. Inasimuliwa kwamba watoto walimchosha kwa kuuliza kila siku, Krismasi ni lini? Mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni, akaliwekea mishumaa mikubwa minne ya Dominika na midogo 20 ya siku za kawaida. Kila siku wakawa wanawasha mmoja. Giza lilikuwa pale pale na Krismasi haikuwahi kuja hata siku moja mapema, ila swali lao la lini lilipata moto wa leo.

Nyumbani kwetu shada lilikuwa kazi ya baba. Mwaka ule nililitengeneza mimi, vibaya, mishumaa ikaegemea upande. Dominika ya tatu, jioni, mama akasema atawasha yeye. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikatoa cheche ikazima. Ya tatu ikamwunguza kidole, akaitupa, na kabla sijasema kitu akaanza kucheka. Baba alikuwa na neno lake juu ya watu wanaomaliza kiberiti bila kuwasha kitu, alilirudia miaka yote, na sote wawili tulilisikia sebuleni kana kwamba amelisema kutoka chumbani. Mama akacheka mpaka akashika meza. Halafu akalia. Sikuweza kujua kicheko kiliishia wapi na kilio kilianzia wapi, na sikujaribu. Nilimshikia shada lisianguke. Njiti ya nne ikawaka.

Mshumaa wa kwanza, ule tunaouita wa tumaini, ulikuwa umebaki mfupi kuliko yote. Ndivyo unavyokuwa, kwa sababu ndio unaowaka tangu mwanzo.

Kesho yake asubuhi mama alitoa vikombe viwili kabatini kama kawaida. Akavitazama. Kile cha pili akakisogeza upande wangu, nikavuta kiti nikakaa.