Kombi kwanza, ushauri baadaye: tunawachelewesha wanafunzi

Mwanafunzi wa Moshi anayeota kuwa daktari pale hospitali ya KCMC anaweza kujifungia mlango kwa herufi tatu tu: CBG, yaani kombi ya Kemia, Baiolojia na Jiografia. Shahada ya udaktari wa binadamu inataka Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita, na CBG haina Fizikia. Wapo wanaolijua hilo Julai, matokeo yameshatoka, ndipo wanafungua mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa mara ya kwanza. Miaka miwili imekwenda.

Wengine hukosea mapema zaidi, wanapoingia kidato cha tatu na kuacha Fizikia kwa kuwa ni ngumu. Wanadhani wameacha uhandisi tu. Kumbe stashahada ya utabibu nayo inadai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, Fizikia ikiwamo.

Nani awaambie? Wapo wanaotaka vyuo vyenyewe viingie shuleni, na hoja yao ina uzito. Arusha na Moshi zina vyuo vya fani mahususi: Chuo cha Ufundi Arusha, Uhasibu Njiro, Misitu Olmotonyi, Ushirika, Wanyamapori Mweka. Anayefundisha uhifadhi wa wanyamapori anaijua kazi ya porini kuliko mwalimu wa Hesabu. Lakini ofisa udahili ana nafasi za kujaza. Hana sababu ya kumwambia mtoto kwamba kwa alama zake chuo cha jirani kingemfaa zaidi.

Mwalimu wa ushauri nasaha hana cha kuuza, na mtoto anamjua. Shida yake ni vipindi vingi na taarifa zilizopitwa na wakati. Tangu 2017 mwombaji wa shahada anaomba moja kwa moja chuoni. Mwaka 2024 tahasusi, yaani kombi, zilitangazwa kufikia 65. Hakuna anayeweza kuyabeba hayo kichwani.

Kwa maoni yangu mwalimu abaki ndiye mshauri, vyuo vimletee sifa za kujiunga na gharama kwa maandishi, na kazi ianze kidato cha pili. Kuna wanaopinga wakisema mtoto wa umri huo hajajijua. Ni kweli, ndiyo maana hapo asiulizwe atakuwa nani. Aoneshwe tu kila somo analotaka kuacha linafunga fani zipi.

Zoezi lenyewe ni la saa moja. Mwanafunzi ataje fani tatu, kisha asome sifa kwa kurudi nyuma: shahada, kombi, masomo ya kidato cha nne. Hapa wengi hujikwaa kwenye pointi. Kiwango cha chini cha TCU ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, A ikiwa 5 na E ikiwa 1. C na E zinatosha kwa hesabu hiyo, lakini fani nyingi zinataja masomo yake na kudai zaidi. Kwa hiyo kando ya kila fani iandikwe njia ya stashahada, na chuo kihakikiwe kama kimesajiliwa na NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi.

Jambo moja dogo huumiza sana wakati wa mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu: majina. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na "Mohamed" wa cheti hicho akiwa "Mohammed" kwenye cheti cha NECTA (Baraza la Mitihani), kunahitajika kiapo na safari za ofisi kwa ofisi. Mwalimu alinganishe herufi kwa herufi kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne.