Vitabu vya Kihispania ningempa Mswahili kwanza

Kijana mmoja wa kazi yetu ya kuongoza watalii hapa Arusha alinifuata mwezi uliopita akaniomba nimtajie vitabu vya Kihispania vya kusoma. Kozi amemaliza, cheti anacho, na porini anajieleza vizuri tu: simba yule pale, angalieni kulia, fungeni dirisha kuna vumbi. Shida yake inaanza jioni. Mgeni akishakula na kuanza kusimulia habari za marehemu mama yake, kijana anabaki kutikisa kichwa. Maneno anayasikia yote, lakini mtu hamfikii.

Alikuwa na orodha aliyoitoa kwenye simu. Vitabu kumi, Don Quijote ya Cervantes juu kabisa, chini yake Cien años de soledad, ile riwaya kubwa ya Mkolombia García Márquez ya mwaka 1967, kisha Wahispania na Waargentina kadhaa. Nimeziona nyingi za namna hiyo. Zinamwandikia msomaji wa London au Chicago, na hazimhesabii mtu wa kwetu chochote alichonacho tayari. Kumbe anacho kingi. Ndiyo maana nimeona jibu nililompa niliandike hapa, wengine nao walisome.

Kwanza sauti. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, nazo hutamkwa karibu sawa na zetu. Ile ñ inayowasumbua wengi ni ny yetu ya nyanya na nyumba; niño ni "ninyo". Halafu maneno. Majeshi ya Kiislamu yaliingia rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno za leo, mwaka 711, na Granada, dola yao ya mwisho, ilianguka mwaka 1492. Muda wote huo Kihispania kilikuwa kinakopa kutoka Kiarabu, kama tulivyokuwa tunakopa sisi huku pwani, kwa hiyo leo tunakutana na ndugu tusiowatarajia. Fulano ni fulani. Azúcar ni sukari, azafrán ni zafarani, jazmín ni asumini. Alcalde, meya wa mji, ametoka kwenye neno lilelile lililotupa kadhi. Mezquino ni maskini, ila huko maana imehama, sasa ni mtu bahili mwenye roho ndogo. Mtu akilalamika ¿hasta cuándo?, hiyo hasta ni hata yetu ya zamani, ya "hata lini?" Na ojalá, neno la mtu anayetamani jambo litokee, asili yake ni Kiarabu cha "Mungu akipenda". Wareno nao walituachia meza, bendera na mvinyo. Kwa Mhispania ni mesa, bandera, vino.

Mwanafunzi mwenye mtaji huu hana sababu ya kusubiri miaka mitano ndipo afungue kitabu halisi. Kwa aliye mchanga kabisa ninapendekeza Horacio Quiroga, Mruguai aliyeishi katika misitu ya Misiones, kaskazini mwa Argentina, akaandika hadithi za wanyama, Cuentos de la selva, mwaka 1918. Sentensi fupi, vitenzi vya kila siku. Iko moja inayoeleza kwa nini heroe, ndege wale wale wanaojaa Ziwa Natron, wana miguu myekundu: walikwenda kwenye dansi ya nyoka wamevaa soksi za ngozi ya nyoka bila kujua, nyoka wakagundua, wakawauma miguu. Kwa mtu aliyekulia kwenye hadithi za sungura na fisi hapo hakuna kigeni isipokuwa lugha, na lugha ndiyo anayoitafuta.

Baada ya hapo ningempeleka Guinea ya Ikweta, na hapa nitakaa kidogo.

Mwalimu wangu wa kwanza wa Kihispania alikuwa mtu mwema na mwenye subira. Alitufundisha miaka miwili, akatuonyesha Madrid, Sevilla, Buenos Aires na Mexico. Kwamba kuna nchi ya Afrika ambayo watoto wanasoma shule kwa Kihispania, hakugusia hata siku moja. Nililijua hilo kwa bahati, na nilihisi nimedhulumiwa. Ureno iliikabidhi Hispania visiwa vya Fernando Poo, ambacho sasa ni Bioko, na Annobón kwa mkataba wa mwaka 1778. Koloni likatanuka mpaka bara. Uhuru ukaja tarehe 12 Oktoba 1968. Wafang walio wengi, na Wabubi wa Bioko, wanasema lugha za Kibantu. Maana yake kuna waandishi wa Kihispania ambao lugha ya mama yao ni jamaa wa lugha yetu, na orodha za kwenye simu zinawapita kama hawapo.

Anza na Donato Ndongo-Bidyogo. Riwaya yake Las tinieblas de tu memoria negra ilitoka mwaka 1987, nayo inamfuata mtoto wa Kifang enzi za ukoloni anayevutwa na watu wawili: Padre Ortiz, anayemtaka awe padri, na mzee Abeso, mtu wa ukoo anayeshika njia za wahenga. Aliyesoma shule ya misheni, asubuhi akaambiwa mila za babu ni ushetani na usiku akaota moto na babu huyohuyo, hahitaji utangulizi wa profesa. Msimulizi mara anasema mimi, mara anajigeukia mwenyewe na kujiita wewe. Kurasa za mwanzo zilinichanganya. Baadaye niliona kwamba ndivyo mtu aliyegawanyika anavyojikumbuka, na pia kwamba nimepata mazoezi ya vitenzi vya nafsi ya pili ambayo hakuna kitabu cha kozi kilichowahi kunipa. Anayeogopa anaweza kutangulia na tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 2007, kisha arudi kwenye asili.

Miaka miwili kabla yake, 1985, María Nsue Angüe alichapisha Ekomo, riwaya ya kwanza ya mwanamke wa nchi hiyo. Msimulizi ni Nnanga, mke ambaye mguu wa mumewe unaoza, na wanahangaika kutafuta uponyaji. Kuna kurasa nilizosoma polepole kwa sababu ya lugha, na nyingine polepole kwa sababu niliwahi kumpeleka mgonjwa wa nyumbani kwetu namna ileile, kwa huyu na kwa yule. Halafu yuko Juan Tomás Ávila Laurel, mzaliwa wa Malabo mwenye asili ya Annobón. Arde el monte de noche, ya mwaka 2009, ni kumbukumbu za utoto katika kisiwa ambacho meli zimeacha kuja: hakuna sabuni, hakuna mafuta ya taa, hakuna kiberiti. Anaandika kama mtu anayesimulia barazani, anarudia, anaacha, anarudi tena alikotoka. Wapo wanaoona kurudia huko ni udhaifu. Mimi naona ndiko kunakombeba mwanafunzi, maana neno lililokupita mara ya kwanza utalikuta tena.

Kuvuka bahari ni rahisi ukishapita hapo. Kuna kitabu cha Kuba kinachoitwa Biografía de un cimarrón, kilichotoka mwaka 1966. Miaka mitatu kabla yake Miguel Barnet alikuwa amekutana na Esteban Montejo, mzee wa miaka 103 aliyezaliwa mtumwa, akatoroka, akaishi peke yake msituni, na baadaye akapigana vita vya kuikomboa Kuba kutoka Hispania. Barnet alimsikiliza, akayapanga mazungumzo yale yakawa kitabu. Ukimsoma Montejo unasikia pumzi ya mzee anayeongea: anasifu, anakemea, anajikatiza. Anaeleza watumwa waliotoka Kongo na vyungu vyao vya dawa, na chungu hicho kinaitwa nganga. Niliweka kitabu chini nilipofika hapo. Mganga wetu alikuwa amevuka Atlantiki katika tumbo la meli, akabaki kuwa neno ndani ya Kihispania.

Sasa García Márquez. Simkatai hata kidogo, ninakataa kuanza naye kwenye ile riwaya ya vizazi saba ambamo majina yanajirudia baba kwa mwana kwa mjukuu. Chukua El coronel no tiene quien le escriba. Aliiandika Paris, gazeti lililomtuma Ulaya likiwa limefungwa na serikali ya kijeshi nyumbani na yeye hana mshahara, na njaa hiyo imo katika kila ukurasa. Mzee mwanajeshi wa vita vya zamani anangoja barua ya pensheni. Amengoja miaka kumi na mitano. Kila Ijumaa anakwenda kupokea boti la barua, kila Ijumaa hakuna kitu. Nyumbani kuna mke mwenye pumu, na jogoo wa kupiganisha aliyeachwa na mtoto wao aliyeuawa. Ukurasa wa kwanza unamkuta akikwangua mkebe wa kahawa kwa kisu apate kijiko kimoja. Nani kwetu asiye na mzee wa namna hiyo katika ukoo, mwenye bahasha ya vyeti anayeipeleka ofisini na kurudi nayo? Lugha ni kavu, haina mapambo, na kitabu kinamalizika kwa siku tatu.

Kuhusu Mruguai Eduardo Galeano na Las venas abiertas de América Latina ya mwaka 1971, kitabu cha historia ya jinsi Amerika ya Kilatini ilivyonyonywa, kile ambacho Rais Hugo Chávez wa Venezuela alimkabidhi Barack Obama mwaka 2009, nina neno moja. Vijana wengi wanakuja nacho kwanza kwa sababu kinawaka moto. Galeano mwenyewe alisema mwaka 2014 kwamba asingeweza kukisoma tena. Kisomwe, lakini baada ya kuwasikia watu wa huko wakiongea, ili hasira yake ikute nyuso unazozijua. Juan Rulfo wa Meksiko ana hadithi fupi katika El Llano en llamas ya mwaka 1953, baba anambeba mgongoni mwanawe aliyejeruhiwa, usiku, akimuuliza kama anasikia mbwa wakibweka, maana mbwa ndio dalili kwamba kijiji kimekaribia. Ni kurasa chache tu, na zinakufundisha umaskini wa mashambani wa Meksiko kuliko sura nzima ya takwimu.

Na Cervantes? Asianze naye, ila asimwache. Sura ya tisa ya sehemu ya kwanza ya Don Quijote, iliyochapishwa mwaka 1605, inaweza kusomwa peke yake. Hadithi imekatika katikati ya pigano, mwandishi anadai hana mwendelezo. Siku moja, sokoni Toledo, anakuta mvulana anauza madaftari yenye maandishi ya Kiarabu. Ni habari za Don Quijote, zilizoandikwa na mwanahistoria Mwarabu, Cide Hamete Benengeli. Anamtafuta Mmorisko, Mwislamu aliyebatizwa, amtafsirie, na malipo wanayokubaliana ni arroba mbili za zabibu kavu pamoja na ngano. Kazi inachukua mwezi mmoja na nusu hivi. Kitabu ambacho Hispania inajivunia kuliko vyote kinajifanya tafsiri kutoka Kiarabu, na aliyekiandika alikuwa mateka Algiers kwa miaka mitano, kuanzia 1575 hadi 1580. Na hiyo arroba, kipimo cha uzito, ni Kiarabu cha robo. Ndiyo robo yetu. Leo Wahispania wanaiita arroba ile alama ya @ ya barua pepe.

Lakini kitabu ninachokipenda kuliko vyote nilivyotaja ni kidogo kuliko Don Quijote na kimemtangulia kwa nusu karne: Lazarillo de Tormes, cha mwaka 1554, ambacho mwandishi wake hakujitaja. Mwaka 1559 Baraza la Kuhukumu Wazushi lilikitia kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Mtoto maskini anatumikia bwana mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ni kipofu. Wanapewa kishada cha zabibu, wanapatana wachume moja moja kwa zamu. Kipofu anaanza kuchuma mbili mbili. Mtoto anaona, ananyamaza, anachuma tatu tatu. Zabibu zikiisha kipofu anamwambia: umekula tatu tatu. Amejuaje? Kwa sababu mimi nilikula mbili mbili nawe ukanyamaza.

Bwana wa tatu, Toledo, ni muungwana wa upanga na joho safi asiye na mkate ndani ya nyumba. Anasimama mlangoni anachokonoa meno kwa kijiti, majirani waone ameshakula. Mtoto ndiye anayekwenda kuomba, na ndiye anayemlisha bwana wake. Tena anamhurumia, bila kumdharau, anatafuta njia ya kumkaribisha chakula bila kumvunjia heshima. Adabu ile ya kumwona mwenye njaa na kujifanya hujaiona njaa yake sikufundishwa na Wahispania. Niliiona kwa bibi yangu.

Kihispania chake ni cha kale, kwa hiyo tafuta toleo lenye maelezo chini ya ukurasa au lililosahihishwa tahajia. Quiroga, Cervantes na Lazarillo wote wanapatikana bure mtandaoni, hao wawili wa mwisho kwenye maktaba ya Biblioteca Virtual Miguel de Cervantes, na kamusi ya Akademia ya Kihispania nayo ni bure. Soma kwa sauti. Usifungue kamusi kwa kila neno, utachoka kabla ya ukurasa wa pili. Ndongo-Bidyogo nina nakala moja tu, naazimisha kwa zamu.

Kijana niliyemtaja alichagua Lazarillo kwa sababu ni kifupi. Juzi saa tano usiku alinitumia ujumbe: "Kaka, uña de vaca ni kwato za ng'ombe? Mtu anakulaje kwato?" Nikamjibu kwamba hayo ni makongoro. Zikapita dakika kumi hivi, akaandika tena: "Basi yule bwana ameyatafuna mpaka mifupa."